Duka la Dawa za Mifugo Mtwara Mjini: Mahali Ambapo Mbwa Anapewa Haki Yake

Kwa sisi wakazi wa Mtwara tunaofuga mbwa, kupata tiba ya uhakika kwa mnyama huyu si jambo rahisi. Maduka mengi ya pembejeo na dawa za mifugo yameelekeza nguvu kwenye kuku, mbuzi, ng'ombe na viuatilifu vya mikorosho, kwa sababu huko ndiko fedha iliko. Mbwa, ambaye hapelekwi mnadani wala hatoi maziwa, huhudumiwa mwisho au asihudumiwe kabisa. Kwa hiyo naandika kwa furaha ya kweli juu ya duka moja dogo lililo jirani na Soko Kuu, ambalo daktari wake wa mifugo huwapokea mbwa wa kila namna, wakiwemo wale wa kienyeji ambao wengi wetu tumezoea kuwafukuza kwa mawe.

Duka lenyewe halina mapambo. Mbele kuna rafu za dawa, na nyuma kuna ua wenye kivuli, meza ya saruji na bomba la maji. Kinacholitofautisha ni namna mgonjwa anavyopokelewa. Daktari hamshiki mbwa mara tu anapofika. Huchuchumaa pembeni, humwacha anuse mkono wake, na wakati huo humuuliza mwenye mbwa maswali: anakula nini, analala wapi, alipata chanjo lini, ana kazi gani nyumbani. Swali hilo la mwisho sijawahi kulisikia kwingine, nami naliona ni la heshima kubwa, kwa kuwa mbwa wa huku kwetu kweli ana kazi.

Nilikuwepo mzee mmoja kutoka upande wa Naliendele alipoleta mbwa wake aliyechanwa ubavuni na nguruwe pori katika shamba la mihogo.

"Shikamoo babu. Pole sana. Huyu anaitwaje?"

"Marahaba mwanangu. Anaitwa Shujaa. Yule nguruwe alikuwa ananijia mimi, huyu akaingia katikati."

Daktari alimchoma sindano ya ganzi, akasafisha jeraha na kulishona, huku akimwomba mzee aendelee kukishika kichwa cha mbwa na kusema naye. Katika muda wote huo Shujaa hakuiangalia sindano wala mikono iliyomshona. Alimtazama mzee tu. Nimesikia mawaidha mengi juu ya mapenzi, katika harusi na katika misiba, lakini ni machache yaliyoniingia kama yale niliyoyaona pale uani. Mbwa yule hakuwa na cha kutarajia kwa mzee zaidi ya ugali na vichwa vya samaki, na bado alikuwa ametanguliza mwili wake mbele ya meno ya mnyama aliyemzidi nguvu.

Uaminifu wa mbwa unajulikana duniani kote, na mfano unaotajwa zaidi ni wa Hachiko wa Japani. Bwana wake, Profesa Hidesaburo Ueno, alifariki ghafla mwezi Mei 1925, na mbwa huyo akaendelea kwenda kumngojea katika kituo cha treni cha Shibuya, Tokyo, mpaka alipokufa mwezi Machi 1935. Wanaosimulia habari hii kwa kawaida huacha sehemu mbili ambazo mimi naziona nzito kuliko sanamu aliyojengewa. Ya kwanza ni kwamba kwa miaka mingi watu wa pale kituoni walimfukuza na kumtesa, na walianza kumtunza baada ya gazeti kuandika habari zake mwaka 1932. Ya pili ni kwamba uchunguzi wa mwili wake ulionyesha kuwa alikuwa na minyoo ya moyo pamoja na saratani. Kila ninapoiona rafu ya dawa za minyoo katika duka hili, namfikiria mbwa yule aliyependa kwa ukamilifu kiasi kile huku maradhi yakimla ndani kwa ndani. Upendo wa mbwa haupungui kwa sababu ya maumivu, na kwa hiyo ni wajibu wa anayependwa kuyatafuta maumivu hayo kabla hayajajionyesha.

Najua kuwa wengi wetu hapa Pwani ya Kusini ni Waislamu, na kwamba suala la najisi ya mbwa huwafanya baadhi wasimsogelee hata anapougua. Duka hili limelifikiria jambo hilo kwa adabu: kuna glavu kwa anayelazimika kumshika mbwa, na karibu na bomba kuna ndoo ya udongo safi kwa anayetaka kuosha mara 7, mojawapo kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Twahara haijawahi kuwa kizuizi cha huruma. Katika Suratul Kahf, mbwa wa watu wa pangoni ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini, na watu wanapobishana juu ya idadi yao, mbwa naye huhesabiwa. Tena ipo hadithi mashuhuri ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji, kwa kiatu chake, mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake.

Huduma ambayo ningependa kila mfugaji aifuate hapa ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kuonyesha kuwa ugonjwa huo unaweza kutokomezwa, na mbwa wengi walichanjwa katika kampeni za miaka ya 2010. Hata hivyo watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka, na kinga ya jamii huhitaji walau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Daktari huyu hutunza chanjo kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi, na umeme ukikatika kwa muda mrefu huihamishia kwenye kisanduku chenye barafu. Siku ambayo hana chanjo anayoiamini husema wazi kuwa hana. Humkumbusha pia kila mteja kwamba aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa.

Upungufu upo. Bei hazijabandikwa ukutani, kwa hiyo mteja mgeni hulazimika kuuliza kila kitu. Mizani iliyopo ni ndogo, na mbwa mkubwa hukadiriwa uzito kwa macho, jambo ambalo si zuri kwa sababu kipimo cha dawa ya minyoo hutegemea uzito. Anayemwita daktari nyumbani, tuseme Mikindani, hulipa nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi juu ya gharama za tiba, na kwa mkulima wakati korosho hazijauzwa, mzigo huo si mdogo.

Anayekusudia kwenda afike asubuhi kabla ya jua kali, na amfunge mbwa kwa kamba imara. Aende pia na mtu ambaye mbwa huyo anampenda zaidi pale nyumbani, hata kama ni mtoto, kwa kuwa ndiye atakayeombwa kukishika kichwa. Kadi ya chanjo hutolewa hapo hapo, na mbwa mwenye jeraha bichi hupokelewa kwanza, bila kujali foleni.