Uzoefu wangu: tosheni baa za Old Man Emu na kupanga kimo cha Land Cruiser VX iliyonyanyuliwa

Ukinunua Land Cruiser 100 ya zamani, lile shangingi la kati ya 1998 na 2007, jiandae kukuta mtu ameshainyanyua kabla yako. Yangu niliikuta Arusha ikiwa hivyo: bampa ya chuma na winchi mbele, keria juu, pua imepanda sana. Kwa macho inapendeza. Barabarani ilikuwa mateso. Gurudumu likishuka kwenye kashimo kadogo tu, mbele inagonga chuma kwa chuma. Usukani ulikuwa mwepesi mno, na ukivuka 90 kwa saa gari linatangatanga, unalirudisha njiani kila mara. Gereji iliyomfanyia kazi mwenye gari wa kwanza ilikuwa imekaza boliti za mbele karibu na mwisho wa nyuzi zake, basi.

Mbele ya gari hili hakuna springi ya koili. Kila upande una tosheni baa, fimbo ndefu ya chuma iliyolala sambamba na chasisi. Mwisho wake mmoja umeshika mkono wa gurudumu, mwingine umebanwa kwenye mkono mfupi wenye boliti ya kurekebishia. Gurudumu likipanda, fimbo inajisokota kisha inajirudisha. Kaza boliti, pua inapanda, legeza, inashuka. Kwa kuwa ni rahisi hivyo, kila mwenye spana anajiona mtaalamu wa kunyanyua VX.

Utasikia gereji nyingi kwamba ukikaza zaidi springi inakuwa ngumu. Si kweli. Fimbo ni ileile na ugumu wake ni uleule. Kilichobadilika ni mahali gari linapoanzia. Kila milimita unayopandisha pua unaitoa kwenye nafasi ya gurudumu kushuka. Nafasi hiyo ikiisha, mkono wa juu unakaa karibu kabisa na raba ya kizuizi, na gurudumu likitaka kufuata shimo linagota. Ugumu unaousikia ndio huo. Wakati huohuo sivi jointi, viungo vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele, zinafanya kazi zikiwa zimepinda, mabuti yake ya mpira yanapasuka, grisi inamwagika, na hasara inaanza kuhesabika.

Nililipeleka kwa fundi mwingine anayefahamu magari ya safari. Kabla hajashika spana alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, wala hakupima kutoka chini, kwa sababu kipimo cha chini kinadanganywa na upepo wa tairi. Mbele kulia 541 mm, kushoto 546. Akapiga jeki kwenye chasisi mpaka magurudumu yakaning'inia, akapima tena: tofauti haikufika hata milimita 30.

"Kaka, hili gari halina pa kushukia," akaniambia.

Fimbo zenyewe zilikuwa zimechoka, na zile za kiwandani hazikutengenezwa kwa kubeba bampa ya chuma na winchi. Nikanunua tosheni baa za Old Man Emu, chapa ya kampuni ya ARB ya Australia, pamoja na shokapu zao za Nitrocharger. Bei inauma, sitaficha. Ila ukizishika tu unaona utofauti: ni nene kuliko za mwanzo, meno yamekatwa safi, na kila moja ina alama ya upande wake. Alama hiyo iheshimiwe, maana fimbo ya kulia imeandaliwa kusokotwa upande mmoja tu. Ukiihamishia kushoto unaiua mapema.

Kwa kuwa fimbo nene inabeba uzito kwa msokoto mdogo, kupata kimo kizuri hakukuhitaji boliti kukazwa sana. Fundi alisafisha nyuzi kwa brashi ya waya, akapaka grisi, na hakugusa boliti hata mara moja wakati gari limekaa na uzito wake wote. Ni jeki kwanza, anazungusha kidogo, anashusha, analisogeza gari mbele na nyuma ili magurudumu yakae sawa, ndipo anapima. Ukipima palepale baada ya kushusha jeki, matairi yanakuwa bado yamejibana kwa ndani na namba zinakudanganya. Nilimwona pia akirudi upande wa kushoto kila akimaliza wa kulia. Ukiinua kona moja, uzito unahama na kona nyingine zinabadilika, hata ile ya nyuma iliyo mkabala. Usimwamini anayekwambia atazungusha boliti zote idadi sawa na gari litalala sawa. Tangi lilikuwa nusu, na vifaa vyangu vya safari vilikuwa ndani, kwa sababu ndivyo gari linavyotembea siku nyingi.

Tulisimamia 515 mbele pande zote mbili, nyuma 535. Pua ikashuka zaidi ya sentimita mbili na nusu. Jamaa waliniuliza kwa nini nimelipia gari kushushwa. Jibu langu ni kwamba gurudumu sasa lina nafasi ya kushuka karibu milimita 55, na kwenye njia mbovu nafasi hiyo ndiyo inayoshikilia tairi ardhini. Kwa kimo hiki sikuona haja ya vipande vya kushushia difu ya mbele, vile vinavyofungwa ili sivi jointi zisipinde sana.

Nililijaribu kutoka Engaruka kwenda Ngare Sero, njia ile ya vumbi na changarawe za volkano chini ya Ol Doinyo Lengai, ambayo kwa sehemu kubwa imejikunja mawimbi mawimbi. Mlio wa kugonga umekwisha kabisa. Kwenye makorongo makavu gari linashuka kwa utulivu, na usukani unajirudi wenyewe baada ya kona. Nimefurahi mno.

Kasoro zipo. Mjini, gari likiwa tupu, mbele ni ngumu kuliko ya kiwandani, na abiria watalisikia kila tuta. Kama huna bampa nzito, fikiria mara mbili. Pia fimbo mpya hujilegeza kidogo mwanzoni: upande wa dereva ulishuka milimita 7, tukarudi kurekebisha. Kwa hiyo usikimbilie alaimenti siku hiyohiyo, acha gari litulie kwanza. Ila lazima ifanyike, kwa sababu kimo kikibadilika pembe zote za magurudumu zinabadilika, na matairi ya ukubwa huu si ya kuchezea. Elekeza na taa upya; zangu zilikuwa zikiwapiga wenzangu machoni.

Mwenye Land Cruiser 105 haya hayakuhusu: mbele una eksoli nzima na koili, kimo chako kinabadilishwa kwa springi nyingine. Na kama VX yako bado ina mfumo wa haidroliki wa AHC, wenye swichi ya kupandisha na kushusha gari, usiruhusu mtu akaze boliti hizo kwa macho. Humo tosheni baa inagawana mzigo na mafuta ya mfumo, na ukiigusa unabadilisha presha yake, ambayo inatakiwa isomwe kwa mashine kwanza.