Godoro la sponji nzito, 5 kwa 6, inchi 8: mgongo unasemaje?

Kwenye maduka ya Mwanjelwa, Mbeya, godoro hili linanadiwa kuwa "gumu, dawa ya mgongo". Dawa siyo, ila kwa mtu wa kilo 60 hadi 85 linafaa. Ukilala ubavu, bega na nyonga huzama kidogo, uti wa mgongo ukabaki umenyooka. Lingekuwa gumu kama ubao, kiuno kingening'inia usiku kucha.

Usiamini kibandiko, liweke kwenye mizani. Sponji ya kilo 25 kwa mita moja ya ujazo hufanya godoro la saizi hii liwe na uzito wa kama kilo 14. Mizani ikisoma 9, hiyo ni sponji nyepesi iliyovalishwa kitambaa kizuri, na pale kiunoni patabonyea mapema. Kisha fungua zipu utazame: vipande vilivyounganishwa kwa gundi huota tuta kwenye kiungo. Muuzaji akikataa usifungue, nenda duka la pili.

Lawama nyingi, kusema kweli, ni za kitanda. Chaga zikiachana zaidi ya inchi 3, sponji hushukia kwenye mapengo. Seremala aongeze chaga, na mguu mmoja wa katikati.

Nailoni ya dukani itoe. Ukiiacha, jasho na baridi ya Uyole, hapo hapo Mbeya, ya Juni na Julai huleta unyevunyevu, kisha ukungu. Geuza upande wa kichwa uje miguuni kila miezi 3.

Ganzi ikiingia katikati ya mapaja au haja ndogo ikigoma, hilo si la godoro: hospitali siku hiyo hiyo.