Boksi la Ex d la aluminiamu: mwili imara, glandi za kuacha dukani

Boksi la kuunganishia nyaya la aluminiamu la Ex d, yaani lililoundwa kuhimili mlipuko ndani yake bila kuwasha gesi iliyo nje, lile zito la mfuniko wa bolti nane linalouzwa Kampala kwa ajili ya vituo vya mafuta na stoo za mitungi ya gesi, linastahili bei yake. Vinavyokuja nalo kwenye katoni, yaani glandi (vishikio vya kebo inapoingia kwenye boksi) na vizibo, havistahili. Fundi wa Mbarara au Hoima anayeagiza kwa simu aulize hilo mapema, maana muuzaji huvitaja kama zawadi.

Soma kibao kwanza. Hili limeandikwa Ex db IIB T6 Gb, IP66 (kinga dhidi ya vumbi na maji), joto la mazingira −20 hadi +40. IIB ni kundi la gesi: petroli na gesi ya kupikia ziko kundi IIA, lisilo kali kama IIB, hivyo IIB inatosha na ziada. Haidrojeni haimo, hiyo inataka IIC. T6 maana yake uso wa boksi hauvuki nyuzi 85, na petroli inaomba T3 tu, yaani 200. Gb, daraja la kinga, inaruhusu zoni 1 na 2, sehemu ambazo gesi hutokea mara kwa mara au kwa nadra. Ndani ya tangi, kwenye zoni 0 ambako gesi ipo muda wote au mrefu, boksi hili halina ruhusa hata ungeliongezea bolti. Kikomo cha +40 kisidharauliwe: likifungwa juani huko Buliisa, chini ya bati, litavuka. Litafutie kivuli.

Halafu tazama herufi ya mwisho kwenye namba ya cheti. X inasema kuna masharti maalumu ndani ya cheti, yasome. U ndiyo inayoponza watu: hicho ni kijenzi tu, boksi tupu ambalo bado halijathibitishwa pamoja na vya ndani. Ukinunua la U ukapachika kontakta na fyuzi mwenyewe, huna kifaa cha Ex, una sanduku zito la bei kubwa. Namba za IECEx, mfumo wa kimataifa wa vyeti vya Ex, hutafutwa bure mtandaoni. Modeli isipolingana na kibao, usilipe.

Uso wa flanji (ukingo ambapo mfuniko hukutana na mwili) wa boksi hili umechongwa vizuri, na hapo ndipo pesa yako ilipokwenda. Wengi hudhani Ex d huzuia gesi kuingia. Haizuii. Gesi huingia, cheche ikitokea italipuka humo ndani, na moto unapopenya kwenye upenyo mwembamba wa flanji hupoa kabla ya kufika nje. Kwa hiyo mkwaruzo unaokatiza flanji kutoka ndani hadi nje ni njia ya moto. Msasa ni mwiko, rangi ni mwiko, na silikoni ya kuziba maji ni mwiko mkubwa zaidi kwa kuwa hukauka na kuuinua mfuniko. Futa kwa kitambaa laini na kiyeyushi, kisha paka grisi nyembamba isiyoganda. Karibu na vitambuzi vya gesi epuka grisi ya silikoni. Mvuke wake huharibu baadhi ya vitambuzi. Mpira wa mviringo uliokuja kwenye mfereji wake uache hapo hapo, usiongeze gasketi ya kukata mwenyewe.

Sasa glandi. Zilizomo kwenye katoni ni za shaba ya kawaida, hazina alama ya Ex, na vizibo vyekundu vya plastiki ni vya safari tu. Nunua glandi za Ex d zinazolingana na kebo yako, na kila tundu lisilotumika liwekee kizibo cha chuma chenye cheti. Thredi ziingie angalau mizunguko mitano kamili na kina cha milimita 8. Kwa thredi ya M20 yenye hatua (umbali kati ya meno) ya milimita 1.5, mitano ni 7.5 tu, kwa hiyo hesabu sita. Glandi ya PG, yenye thredi za aina nyingine, kwenye tundu la M20 hushika kidogo ikakudanganya. Kebo yenye urefu chini ya mita 3, au ambayo ndani yake haikujazwa vizuri, iwekee glandi ya kizuizi inayojazwa epoksi. Usiiguse mpaka epoksi ikauke kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji. Kutoboa tundu jipya kwa drili ni kukitupa cheti.

Wakati wa kufunga, ukingo wa flanji uwe mbali na ukuta, bomba au boksi jingine kwa milimita 30 au zaidi. Hicho ndicho kipimo cha IIB. Kebo ziingilie chini, mvua za Machi hadi Mei zisishuke nazo. Unyevu ukijikusanya ndani, weka kitoa maji chenye cheti. Ethi (waya wa ardhini) ya nje ina skrubu yake, na skrubu ya boksi hili ni fupi kidogo kwa waya mnene wenye kichwa cha kubana. Kasoro ndogo, lakini inaudhi.

Bolti zote nane ziwepo. Zikipotea, usikimbilie duka la vifaa vya ujenzi: daraja la nguvu lililo kwenye cheti ndilo la kununua, kwani shinikizo la mlipuko linapigana na bolti hizo hasa. Bolti moja iliyopungua inatosha kulifanya boksi lisiwe la Ex d.

Kwa matunzo, kiwango cha IEC 60079-17 kinataka ukaguzi usiopitishe miaka 3 bila kibali cha mtaalamu. Kwenye mashimo ya pampu, penye maji na mtikisiko, kila mwaka ni busara. Zima umeme, funga swichi kwa kufuli, pima kwa kitambuzi cha gesi, ndipo ushike spana. Pitisha fila geji (bamba jembamba la kupimia upenyo) kati ya mfuniko na mwili ukilinganisha na kipimo cha cheti, kaza terminali, angalia kutu jeupe la aluminiamu kwenye flanji. Likishachimba mashimo, mfuniko na mwili hubadilishwa pamoja. Kuchonga upya ni kazi ya karakana iliyoidhinishwa kwa Ex.

Nyota nne kwa mwili, moja kwa glandi. Mwambie muuzaji azitoe glandi kwenye katoni na apunguze bei.