Siku nne Mafia baada ya Kimbunga Hidaya, uzoefu wangu

Wadau niliahidi mrejesho wa Mafia, haya. Nilienda Novemba 2024, miezi sita tangu Hidaya itue pale kisiwani tarehe 4 Mei, na kila niliyemwambia naenda alishtuka, eti si kulibomoka kule? Kulibomoka kweli, ila watu wapo na kazi inapigwa.

Nilipanda gari Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, halafu boti mpaka Kilindoni. Kuondoka kwa boti kunategemea maji kujaa, hilo naelewa, lakini tulikaa masaa matatu juani na hakuna aliyetuambia kitu, walinikera mno, wangesema tu tungeenda hata kula.

Nililala kijiji cha Utende kwa mama mmoja ana vyumba vitatu, elfu 50 na chai ya asubuhi humo humo. Paa la chumba changu upande mmoja makuti ya zamani yameshakuwa ya kijivu, upande wa pili mapya, usiku unayasikia yananukia. Mama anasema upepo uliondoka na upande ule wote, wakajibanza chumba cha kona yeye na wajukuu, kulivyopambazuka minazi imelala njia nzima, simu hazishiki, mdogo wake yuko Temeke alikaa siku mbili hajui kama wako hai. Makuti mapya wameshona majirani, leo nyumba hii kesho ile, hakuna aliyedai hata mia. Umeme ulikatika mara mbili na maji ya kisima yana chumvi kidogo, ila yule pweza wa nazi jamani, nililamba sahani.

Sasa papa potwe, yule papa mkubwa sana ambaye watu wanaenda Mafia kumwona. Tulitoka Kilindoni saa moja asubuhi na mzee mwenye mashua yake, nikampa shikamoo nikamuuliza mbona hizi mbao zina rangi mbili, akanishika mkono akaupitisha juu ya ubao, hapa, na hapa, akasema mawimbi yaliirusha mashua nchi kavu, mataruma (mbavu zake) yakavunjika. Mbao mpya bado nyeupe, pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa, unaiona kwenye maungio. Akasema mafundi wa kisiwa cha Chole hapo jirani ndio walionirudisha baharini, wengine nimewalipa kwa samaki mpaka leo. Nilinyamaza, maana pesa niliyompa asubuhi ile nikajua inakoenda.

Potwe alipita chini yangu polepole, mgongo umejaa madoa meupe, mkubwa kuliko mashua yetu. Hawaumi, chakula chao ni vidudu vidogo vya baharini, lakini usimguse, mzee ni mkali sana kwenye hilo na nilimheshimu zaidi.

Msimu wao ni Oktoba mpaka Machi, bebeni keshi, na mkipata nyumba ya mwenyeji laleni hapo hapo. Mimi narudi Februari na wanangu wawili, mama kashaniambia chumba cha kona kitakuwa kimeezekwa.