Pai ya nyumba ndogo na chura shimoni: uzoefu wangu na chakula cha Kiingereza

Jamani ngoja niandike hii maana kila nikipiga simu nyumbani swali la kwanza sio habari za kazi wala za baridi, ni "hivi huko unakula nini?", tena kwa ile sauti ya huruma kama niko mahabusu. Mi niko Essex, mashariki ya London, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, mwaka na nusu sasa. Ukiwa shifti ya mchana unaruhusiwa kula kile kile wanachokula wazee, wanakata pauni 3 kwenye mshahara kwa kila sahani. Kwa hiyo hii sio rivyu ya mtalii aliyeonja mara moja akapiga picha akasepa. Mi nimekula miezi kumi na nane, kimepikwa na mpishi Mwingereza, kwa ajili ya Waingereza wa miaka themanini kwenda juu, na hao ukiwawekea pilipili kwenye sahani unaitiwa nesi.

Niseme mapema, tatizo la kwanza la hiki chakula sio ladha, ni majina. Menyu inabandikwa mlangoni mwa jiko kila Jumatatu, na mtu ukiwa kichwa chako kinawaza kwa Kiswahili unapata shida. Wiki yangu ya kwanza nikasoma shepherd's pie, nikaitafsiri fasta, pai ya mchungaji. Mi nimelelewa kanisani, nikajua hapa leo kuna mchungaji anakuja kutembelea wazee, nikachomekea shati. Kesho yake cottage pie. Cottage si ndo kijumba kidogo, nyumba ndogo? Pai ya nyumba ndogo! Nikampigia picha menyu nikamtumia mke wangu na tafsiri yake, akarudisha voisi ya dakika mbili anacheka tu, halafu mwishoni sauti ikabadilika akauliza "na hiyo pai anaipika nani?"

Kumbe zote mbili ni kitu kimoja, chini nyama ya kusaga, juu viazi vya kuponda, inaingia oveni mpaka viazi vinashika rangi ya kahawia juu. Ya mchungaji inatakiwa iwe kondoo, ambayo kwa kweli inaeleweka, ya nyumba ndogo ni ng'ombe. Na mbele ya Mungu nasema ya nyumba ndogo ni tamu zaidi. Mtakaomfikishia shemeji yenu hii tutajuana.

Halafu kuna toad in the hole, chura shimoni, ambayo ni soseji zimezamishwa kwenye unga uliokorogwa zikaokwa. Chura hamna, nilifukua mpaka chini. Na kuna spotted dick, pudini ya mvuke yenye zabibu kavu, hiyo dick kwenye majina ya watu ni kifupi cha Richard ila ina maana nyingine ambayo muulizeni mtu mwingine, mi ninachojua ni kwamba bibi wa miaka tisini anaweza kukuagiza kwa sauti ukumbi mzima ukasikia, na wewe unatakiwa uitikie ukiwa na uso mkavu kama unapokea tangazo la msiba.

Sasa tuje kwenye rosti. Nilivyosikia kila Jumapili kuna rosti nilifurahi sana, nikaenda na njaa kabisa. Kwetu rosti unaijua, nyama imekaangwa na kitunguu na nyanya mpaka mchuzi umekuwa mzito unang'ang'ania kijiko. Nikaletewa vipande viwili vya nyama vyembamba unaweza kusomea gazeti, viazi, karoti, na vile vikabichi vidogo kama gololi. Vikavu! Nikakaa pale namsubiri mtu alete rosti, mwenzangu ananiangalia, akanisogezea kijagi. Ndani kuna grevi. Hapo ndo nikaelewa hii nchi. Huku mchuzi hauji na chakula, unakuja peke yake kama wakili, unakikuta chakula kimeshakamatwa unakitetea. Mwaga grevi ya kutosha, usione aibu, mimina mpaka viazi viogelee, chakula kinabadilika kabisa. Wageni wengi wanaolalamika huku hawajajua kuomba grevi ya pili.

Na viazi vya hiyo rosti nisivionee. Vinachemshwa kidogo, vinatikiswa kwenye sufuria mpaka pembe zichakae, halafu vinaingia kwenye mafuta ya moto sana oveni. Nje vinalia kachu, ndani kama uji. Nimekula chipsi za kila kona ya Dodoma na Dar, sijawahi kuona kiazi kimeheshimiwa hivi.

Ila mboga za majani... hapa siwatetei. Hapa nakaa upande wa wote wanaowacheka. Kabichi linaingia kwenye maji saa nne asubuhi na chakula ni saa sita na nusu! Hakuna kitunguu, hakuna nyanya, hakuna karanga, hata kamafuta. Linatoka limepauka kama nguo iliyoanikwa juani mwezi mzima na harufu inatembea hadi ofisi ya meneja. Nilimuuliza mpishi kwa adabu tu, hivi ukilikaanga kidogo inakuwaje, akaniambia wazee hawatalitambua.

Huyo mpishi tulikuja kuwa marafiki, Jumapili moja akaniita jikoni nione pudini ya Yorkshire inavyopikwa. Naomba nikae hapa kidogo maana ndo siku niliyoacha dharau. Unga wa ngano, mayai, maziwa, chumvi, anakoroga mpaka inakuwa laini, nikamwambia aisee hii mbona ni chapati za maji? Hakunielewa. Kumbe tofauti iko kwenye mafuta. Anachukua trei yenye vishimo, kila kishimo kijiko cha mafuta ya ng'ombe, inaingia oveni mpaka mafuta yanafuka moshi, halafu anaitoa haraka anamimina kwa jagi, kila kishimo kinapiga chwaaa, anairudisha anafunga mlango, akanishika mkono kabisa, "usifungue". Dakika ishirini tumechuchumaa wawili mbele ya kioo cha oveni kama tunaangalia penati. Vinaanza kupanda, vinapanda, vinapinda, vinapasuka katikati, vinakuwa kama vikombe vya dhahabu. Mwaka 2008 chama cha wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitamka kwamba kisichofika inchi 4 kwenda juu sio pudini ya Yorkshire, wanasayansi wazima wamekaa wakatoa tamko juu ya chapati! Za kwetu zilifika, tulipima na rula ya dawati la nesi. Ukimwaga grevi ndani ya kile kikombe ukala hapo hapo ikiwa ya moto, wewe uliyekuwa unacheka unakaa kimya.

Kifungua kinywa kamili chao sawa tu, mayai, soseji, bekoni, uyoga, nyanya, ila maharage yana sukari. Narudia, maharage, ya kopo, yana sukari, asubuhi, juu ya mkate. Nilijaribu mara tatu ili nisije nikaonea, basi tena. Marmite nayo inatokana na hamira iliyobaki viwandani kwa watengeneza bia, wanaitengeneza tangu 1902 pale Burton upon Trent, inapakwa kwenye mkate, nyeusi kama grisi ya baiskeli na chumvi yake inakupiga mpaka masikioni. Paka kama unaogopa. Samaki na chipsi siku ya Ijumaa hapana neno, safi, ila mayai na chipsi wanavileta sahani moja, kila mmoja upande wake, miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewaza kuvipigia pamoja! Nilimchorea mpishi chipsi mayai kwenye karatasi, akasema ataifikiria. Na vile vipai vya Krismasi vinaitwa vya nyama ya kusaga, ndani ni zabibu kavu na viungo, nyama hata chembe, mtu asikudanganye.

Nyota tano kamili natoa kwa pudini ya tofi, ile ya kunata. Ina tende ndani! Tende zimelowekwa zikapondwa, keki inakuwa nzito yenye unyevu, juu inamwagiwa sosi ya moto ya siagi na sukari ya kahawia, halafu kastadi. Mwezi wa Ramadhani kuna keya (mhudumu wa wazee) mwenzetu Msomali alikuwa anawekewa kipande chake kwenye friji anafuturia.

Sasa kuhusu hii sifa mbaya ya chakula cha Kiingereza. Inafahamika dunia nzima, mwaka 2005 magazeti yalimnukuu rais wa Ufaransa Jacques Chirac akiwatania kwamba watu wenye chakula kibaya namna hii huwezi kuwaamini, wanaozidiwa nao ni Finland tu. Siku chache baadaye London ikaipiga Paris kwenye kura ya Olimpiki ya 2012, kura 54 kwa 50. Huku hiyo stori wanaisimulia kwa furaha kuliko kombe la dunia la 1966.

Ila aliyenifundisha chanzo chake sio gazeti, ni bibi mmoja wa pale kazini. Ana miaka 91. Wenzangu wanamwita kwa jina lake, mi nimeshindwa, mtu wa rika la bibi yangu mzaa baba, nikamfundisha neno Bibi na sasa anaitika. Yeye ananiita mpenzi, ila huku hata dereva wa basi anakuita mpenzi. Siku hiyo namlisha nyumba ndogo yake nikamtania, Bibi mbona chakula chenu hakina viungo? Akasema mpenzi, mimi nilikuwa na miaka 5 mgao wa chakula ulipoanza, Januari 1940, na mgao ulipoisha kabisa Julai 1954 nilikuwa msichana mkubwa wa kuolewa. Yai moja kwa wiki kwa mtu, ukipata. Majani ya chai aunsi 2 kwa wiki, hiyo ni kama gramu 57, nyumbani kwetu zinaisha akija mgeni mmoja. Mkate wenyewe ulianza kugawiwa kwa kipimo 1946, Vita ya Pili ya Dunia imeshaisha! Pipi ziliachiwa 1953. Akaniambia mama yake alijifunza kupika kwa kuondoa vitu, na yeye akajifunza kwa mama yake, basi.

Halafu akauliza mi natokea wapi hasa Tanzania. Nikamwambia Kongwa. Akaacha kutafuna. "Karanga," akasema.

Nilishika kichwa. Ambao hamjui, mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja kwetu Kongwa, na Urambo na Nachingwea, walime karanga mamilioni ya ekari ili wapate mafuta ya kupikia maana kwao hayakuwepo. Walileta mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa kiangazi unakuwa saruji, mvua za kule mnazijua, 1951 wakafunga virago, pauni milioni 36 hivi zimekwenda na maji, tena maji yenyewe hayakuwepo. Wazee wetu hiyo stori wanaisimulia wakicheka. Na huku kumbe kulikuwa na binti wa miaka kumi na kitu anasomewa kwenye gazeti kwamba mafuta yanakuja kutoka Tanganyika, akasubiri. Akaniangalia kwa ukali wa kuigiza akasema kwa hiyo nyie ndo mlitukosesha majarini. Nikamwomba radhi kwa niaba ya wilaya.

Tangu hapo tukawa watani. Siku yake ya kuzaliwa mwanae alimletea mkunga wa jeli, kile chakula cha zamani cha watu wa East London ambako Bibi alizaliwa. Ndio, mkunga, samaki, sio wa wodini. Anakatwa vipande, anachemshwa, akipoa maji yake yanaganda yenyewe yanakuwa jeli, unakula wa baridi na siki na pilipili manga. Keya wote walitoka chumbani, mmoja alishika mdomo kabisa. Mi nikala vipande vinne. Jamani mi ni Mgogo, nimekulia kwenye mlenda, mtu wa mlenda unamtisha na utelezi? Ladha ni ya samaki tu, chumvi kidogo, mwiba katikati, na ile jeli inashuka yenyewe hauihitaji kuimeza. Bibi alinipiga begani akasema hata mwanae haligusi hilo.

Juzi basi nikaja na cha kwangu, ugali na mlenda ule wa unga niliotumiwa na mama, nimeupika na magadi na karanga zake. Tena hata njegere zao za kuponda wanazilowekea magadi, sema hawasemi. Sikutakiwa kula ukumbini ila Bibi aliniita nikae karibu yake. Nikamega tonge, nikachovya, nikavuta juu, uzi ukaja, mrefu, unang'aa pale dirishani, nikazungusha mkono kuukata kama inavyotakiwa. Bibi kavaa miwani yake taratibu, kainama, kauangalia ule uzi mpaka ulipokatika.

Akauliza kama nimeweka siki.