Kuba la Vredefort, Afrika Kusini: Ziara ya Kuongozwa Katika Mabaki ya Shimo la Kimondo

Anayekwenda Vredefort akitarajia kuona shimo atarudi bila kuliona, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu anayefikiria kulipia ziara ya kuongozwa katika eneo hilo anapaswa kulijua. Sisi tuliozoea habari za Ngorongoro, ambako mgeni husimama ukingoni na kulitazama bonde lote likiwa chini yake, huwa tumekwisha kujichorea kreta akilini kabla hatujaondoka nyumbani. Lakini Ngorongoro ni volkeno iliyoporomoka, na umri wake ni mdogo mno mbele ya umri wa mahali ninapopaeleza hapa. Kuba la Vredefort ni alama ya kimondo kilichoigonga dunia yapata miaka bilioni 2.02 iliyopita, na katika muda huo mvua, mito na upepo vimekwangua kilomita nyingi za mwamba kutoka juu, hata shimo lenyewe likatoweka na kubaki mizizi yake tu. Msafiri anayepita kwa gari huona vilima vilivyojipinda nusu duara, tambarare ya mashamba na ng'ombe, na Mto Vaal ukikatiza kati yake. Akipenda mandhari atasimama apige picha, kisha ataendelea na safari. Ndiyo maana thamani ya ziara hizi imo karibu yote mikononi mwa mwongoza watalii, na ziara ninayoieleza hapa ilinithibitishia kwamba mwongozaji mwenye elimu na subira anaweza kumwonyesha mgeni shimo la upana wa takriban kilomita 300 ambalo halipo tena.

Eneo lenyewe liko kiasi cha kilomita 120 kusini-magharibi mwa Johannesburg, mpakani mwa majimbo ya Free State na North West, na wageni wengi huanzia mji mdogo wa Parys ulio kando ya Mto Vaal. Tangu mwaka 2005 sehemu ya kuba hilo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, lakini mtu asidhani kwamba atakuta lango, tiketi na njia zenye vibao kama katika hifadhi za taifa. Sehemu kubwa ya ardhi ni mashamba ya watu binafsi, na mawe yenye habari nzito zaidi yamo ndani ya mashamba hayo, nyuma ya ua na mageti yaliyofungwa. Mwongozaji mzuri ni yule ambaye amekwisha kuelewana na wenye mashamba, kwa hiyo unapomlipa unalipia pia ruhusa ambayo mgeni peke yake hangeipata kwa urahisi. Sheria ya Afrika Kusini inamtaka kila mwongoza watalii awe amesajiliwa na avae beji yake akiwa kazini; sioni vibaya hata kidogo mgeni kuomba kuiona kabla ya kulipa.

Aliyetuongoza sisi ni mwenyeji wa Parys, mwanamume wa makamo ambaye tulimwita Ntate, kama wazungumzaji wa Kisotho wanavyomwita mtu mzima kwa heshima. Alianza kwa kutupandisha kwenye kilima kimoja upande wa kaskazini-magharibi, na huko juu akatoa picha ya setilaiti aliyoihifadhi ndani ya karatasi ya plastiki. Alitupa muda wa kulinganisha picha ile na mistari ya vilima iliyokuwa mbele yetu kabla hajasema neno, na nadhani ukimya huo ulikuwa sehemu ya ufundi wake, kwa maana tulianza wenyewe kuuliza kwa nini vilima vinajipinda, na kwa nini upinde unakatika upande wa kusini na mashariki. Jibu la swali la pili ni jepesi: upande huo miamba michanga zaidi imekuja baadaye ikaufunika mduara. Jibu la swali la kwanza lilichukua asubuhi yote.

Alitueleza kwamba kimondo kikubwa kinapogonga, mwamba hutenda kwa dakika chache kana kwamba ni kitu cha majimaji: ardhi hudidimia, kisha katikati hurudi juu kwa nguvu, kama maji ya beseni yanavyoruka katikati baada ya tone kudondoka. Kilichoruka Vredefort ni mwamba wa matale (graniti) wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 3, uliokuwa umelala kilomita nyingi chini ya uso wa dunia, na ndio tambarare tuliyoiona kutoka kilimani. Kuhusu ukubwa wa kimondo alikuwa mwangalifu. Alisema kwamba kwa muda mrefu wataalamu walikadiria kipenyo cha kilomita 10 hadi 15, na kwamba hesabu zilizochapishwa mwaka 2022 zimependekeza kilomita 20 hadi 25. Nilimheshimu kwa kutaja makadirio yote mawili, kwa sababu nimewahi kuwasikia waongozaji mahali pengine wakitoa tarakimu moja tu kama vile walikuwepo na futi ya kupimia.

Baada ya hapo tulitembea, na hapa ndipo ziara ya miguu inapoishinda ya gari. Tulianzia kwenye matale na kuelekea nje, tukivuka vilima kwa njia nyembamba, na kila baada ya mwendo fulani Ntate alitusimamisha kutuonyesha tabaka jipya. Matabaka ya mchanga wa kale uliogeuka kuwa kwatzaiti, ambayo yalipolazwa yalikuwa bapa, hapa yamesimama wima kama kuta kuizunguka sehemu iliyoruka, na ndiyo vilima vinavyojipinda, na mahali pengine yamepinduka kabisa hivi kwamba la zamani limelala juu ya jipya. Alitufundisha kusoma mawimbi madogo yaliyoachwa na maji juu ya mchanga huo, ili tutambue upande upi ulikuwa juu siku ule mchanga ulipotua, nasi tukagundua wenyewe kwamba upande huo sasa unatazama chini. Hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kufikia ushahidi huo wa kuugusa kwa mkono. Kadiri mtu anavyotoka nje ya kuba, ndivyo anavyokutana na miamba michanga zaidi, kwa hiyo matembezi ya saa chache hupita juu ya mamia ya mamilioni ya miaka.

Katika miamba hiyohiyo tulionyeshwa alama zenye umbo la koni, zenye michirizi inayotawanyika kutoka nchani kama iliyochorwa kwa kitana. Nyingine hazizidi kidole, nyingine ni kubwa zaidi ya kiganja. Alama hizi hutokea pale tu mawimbi ya mshtuko yenye nguvu ya ajabu yanapopita ndani ya mwamba, na volkeno haina nguvu hiyo. Hoja hiyo ina historia ndefu ambayo Ntate aliisimulia vizuri: kwa miaka mingi wanajiolojia wengi waliamini kwamba kuba hili lilisukumwa juu na nguvu za ndani ya dunia, mwaka 1937 John Boon na Claude Albritton wakapendekeza kimondo, mwaka 1961 Robert Hargraves akazieleza koni hizi za Vredefort, na Robert Dietz akazitumia kutetea wazo la kimondo, kisha mwaka 1978 zikaripotiwa aina za madini ya kwatzi zinazoundwa kwa mgandamizo mkubwa mno. Kwa hiyo mgeni anaondoka akijua kimetokea nini, na pia akijua jinsi watu walivyokuja kulijua hilo, na mimi nahesabu jambo hilo kuwa sababu kubwa ya kuisifu ziara hii.

Kituo kilichonigusa kuliko vyote ni machimbo ya zamani ya matale karibu na Parys. Wachimbaji waliokuwa wakikata mawe ya ujenzi waliacha kuta laini zilizonyooka, na katika kuta hizo unaona mishipa myeusi ikipita katikati ya jiwe la kijivu na waridi, mingine myembamba kama uzi, mingine mipana kuliko mtu aliyenyoosha mikono. Ndani ya weusi huo yamo mabonge ya matale, makubwa kwa madogo, yaliyolainika kingo kana kwamba yalibiringishwa mtoni. Ni mwamba uliosagika na kuyeyuka kwa mshtuko na msuguano, ukajipenyeza kwenye nyufa na kuganda haraka. Mwanajiolojia S. J. Shand aliuelezea mwamba huu wa Parys mwaka 1916 na kuupa jina la sudotakilaiti, ambalo sasa hutumika duniani kote, ingawa wakati huo chanzo chake kilikuwa bado fumbo. Hadi leo wanajiolojia wanajadili ni kwa njia ipi hasa uliyeyuka. Tulikaa hapo kwa muda mrefu, na hakuna aliyetuharakisha.

Mmoja wetu, kijana Mtanzania anayesoma Johannesburg, aliuliza swali ambalo naamini kila mgeni analo: "Ntate, sasa kimondo chenyewe kiko wapi?" Ni swali la haki kwa mtu anayetoka nchi ambayo Kimondo cha Mbozi, chuma chenye uzito wa takriban tani 16, kiko wazi mkoani Songwe, na yeyote anaweza kukigusa. Ntate alijibu kwamba kimondo cha ukubwa wa Mbozi hupunguzwa kasi na hewa, hivyo kinaweza kufika ardhini kikiwa kizima, lakini chenye upana wa kilomita nyingi hakipunguzwi, nguvu yake yote huwa joto na mshtuko, na chenyewe hugeuka mvuke. Kilichobaki Vredefort ni chembe kidogo mno zilizochanganyika katika granofaya, mwamba ulioyeyuka sakafuni mwa shimo na kushuka ndani ya nyufa. Alitupeleka kuuona, na juu yake tukaonyeshwa michoro ya wanyama iliyochongwa zamani na mababu wa jamii za Wakhoi na Wasan. Hapo Ntate alitutaka tusikanyage mwamba wala tusipitishe vidole kwenye michoro, na alikuwa na haki. Maboma ya mawe ya wafugaji na wakulima wa Kisotho na Kitswana tuliyapita kwa haraka, na hapo niliona pengo: watu walioishi katika vilima hivi walistahili zaidi ya maelezo ya dakika chache.

Kuhusu dhahabu, ziara ilifanya kazi nzuri ya kuondoa dhana iliyoenea kwamba kimondo ndicho kilichoileta. Dhahabu ya Witwatersrand, yaani ukanda wa machimbo ya eneo la Johannesburg, ambayo ni theluthi moja au zaidi ya dhahabu yote iliyowahi kuchimbwa duniani, ilikuwa imo katika matabaka hayo mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya mgongano. Kimondo kiliyakunja na kuyadidimiza matabaka, na hivyo yakanusurika na mmomonyoko. Huko Venterskroon, ambako wachimbaji walikimbilia katika miaka ya 1880, bado yapo mashimo yaliyochimbwa ubavuni mwa kilima, lakini utajiri mkubwa ulikuwa Johannesburg.

Si kila ziara inayouzwa kwa jina la kuba hili ina uzito huu. Niliwahi kujiunga na nyingine, ya mwendeshaji ambaye sitamtaja, iliyokuwa na kituo kimoja cha kutazama mandhari, maelezo ya haraka, na muda uliobaki ukatumika kupiga makasia mtoni. Makasia ni burudani nzuri, nami sina neno nayo, lakini haifai kuiita ziara ya jiolojia. Kabla ya kulipa, uliza maswali matatu: je, tutaingia machimboni, je, tutaziona koni kwa karibu, na je, sehemu ya safari ni ya miguu? Jibu likiwa hapana kwa mawili kati ya hayo, tafuta mwingine. Uliza pia lugha, kwa kuwa ziara nyingi huendeshwa kwa Kiingereza au Kiafrikana.

Msimu unaofaa ni wa baridi, kuanzia Mei hadi Agosti, wakati nyasi zimekauka na mawe yanaonekana wazi, ingawa alfajiri huwa na jalidi na mtu anahitaji koti la maana. Kiangazi cha huko, Desemba na Januari, huleta jua kali na mvua za radi za mchana, na vilimani hakuna pa kujificha. Viatu viwe vya kushika ardhi vizuri, maji yawe mengi, na nyundo ibaki nyumbani, kwa sababu mawe ya eneo la urithi hayachukuliwi. Mwenye siku ya ziada aanze na Tswaing, kaskazini mwa Pretoria, kreta ya kimondo yenye upana wa zaidi ya kilomita 1 na umri wa takriban miaka 220,000, ambako shimo bado ni shimo na ziwa lake la chumvi liko katikati; akishaliona hilo, maelezo ya Vredefort yatamwingia kwa wepesi zaidi. Na akifika Vredefort, amwombe mwongozaji ampeleke kwenye koni asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, kwa maana mwanga wa ubavuni huikoleza michirizi, ilhali saa sita mchana mtu anaweza kusimama mbele ya jiwe hilohilo asione kitu.