Kamera ya kwanza ya foto za barabarani Lubumbashi: ununue ipi?

Vijana wengi huniuliza: yaya (yaani mkubwa wetu), ninunue kamera gani? Mimi huwauliza kwanza kama wataibeba kila siku. Foto ya barabarani humjia mtu anayetembea. Kamera inayolala kabatini kwa uzito wake, au kwa sababu unaogopa vumbi, haikufundishi kitu. Kwa hiyo hapa nimezipanga kwa kipimo hicho. Bei inakuja baadaye.

Nafasi ya kwanza naipa simu uliyo nayo tayari. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, sawa na milimita 24 hadi 26 (milimita zikipungua, lenzi huona eneo pana zaidi), na upana huo unakulazimisha kusogea karibu na watu. Usivute picha kwa vidole, sogea kwa miguu. Foto yangu ya kwanza ninayoipenda niliipiga kwa simu ya bei ndogo katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi: mikono ya mama muuza makala (makaa) ikihesabu noti za franka, weusi umejaa kwenye kucha, na noti moja ameibana kwa meno. Simu hushindwa giza likianza kuingia na pikipiki ikipita mbio. Ukianza kugombana nayo kwa hayo mawili, sasa tafuta kamera.

Ya pili, na ndiyo ningekushauri utolee pesa, ni Canon ya mitumba: 600D ya mwaka 2011 au 700D ya 2013. Zote mbili zina megapikseli 18, zinatosha kabisa kuchapa foto kubwa ya ukutani. Kama pesa inaruhusu, achana na lenzi ya 18-55 inayokuja nayo, uweke ile nyembamba ya milimita 24, f/2.8 STM. Kwenye kamera hizi inaona kama milimita 38, karibu na vile jicho linavyoona, na haitoki mbele kama bomba la kutishia watu.

Lakini mitumba ina mitego. Niliwahi kulipa dola 180 kwa kamera iliyong'aa nje kama mpya. Nyumbani nikamulika lenzi kwa tochi ya simu: ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Ni kuvu, na kuiondoa kulitaka pesa nyingi kuliko lenzi yenyewe. Muuzaji hakuonekana tena. Tangu siku ile siendi bila tochi. Mulika lenzi pande zote mbili. Kisha weka f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo), piga foto ya anga tupu, uikuze kwenye skrini: madoa meusi ni vumbi juu ya sensa, kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga. Machache husafishika, yakiwa mengi, shusha bei au ondoka. Uliza pia imepiga foto ngapi, maana shata (pazia la ndani linalofunguka na kufunga kwa kila foto) ya kamera za ngazi hii hukadiriwa kufika kama 100,000. Na betri iliyovimba usiikubali hata ukipewa bure.

Sony a6000 ya 2014 naiweka ya tatu. Ina gramu 344 tu na megapikseli 24, na ni nyepesi kwenye bega. Ila haina kioo cha ndani kinachokaa mbele ya sensa kama zile Canon, hivyo ukitoa lenzi sensa inabaki wazi, na vumbi letu jekundu la kiangazi halisubiri kukaribishwa. Betri yake nayo huisha mapema. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi huna kamera. Nunua betri mbili.

Ya mwisho ni Ricoh GR III. Naipenda kweli: inaingia mfukoni, ina milimita 28, na hakuna anayeigeukia. Lakini ilipotoka 2019 iliuzwa dola 899, na lenzi yake inayoingia na kutoka haikuzibwa dhidi ya vumbi. Likifika kwenye sensa hulipulizi mwenyewe. Lazima ifunguliwe na fundi. Kuanzia Mei hadi Septemba hapa kwetu, hiyo ni hatari kwa mtu anayeanza.

Yoyote utakayochukua, ifungie kwenye mfuko wa plastiki, uanze saa 12 asubuhi kabla jua halijawa kali. Kasi ya shata iwe 1/250 ya sekunde kwa watembea kwa miguu, 1/500 kwa pikipiki. Askari, majengo ya serikali na uwanja wa ndege usivielekezee kamera. Watu wengine waombe: «Mama, naomba nikupige foto moja?» Akikataa, mshukuru upite.

Na kabla hujalipa, kama Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, iko mjini, nenda. Picha, chama cha sanaa alichokianzisha mpiga foto Sammy Baloji pamoja na wenzake, kinaiandaa tangu 2008. Simama mbele ya foto zilizochapwa, ujiulize ni ngapi zingeshindikana kwa simu yako.

Weka pia dola chache za kuchapa. Yule mama wa makala nilimpelekea foto yake. Aliitazama mikono yake muda mrefu, akaifuta kwa kitenge, akaichomeka juu ya mizani. Siku hizi nikipita ananiitia jirani zake.